Bati Nene Halimwokoi Abiria

Gari likigongwa kidogo kwenye foleni na bampa likabonyea, hakosekani mtu wa kusema: magari ya siku hizi makopo, ya zamani ndiyo yalikuwa chuma. Kauli hiyo ni uongo, tena uongo unaoua.

Chukua Datsun 240Z, iliyotwaa Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 ikiwa na Shekhar Mehta. Ni gari zuri mno, na mlio wa injini yake ya silinda sita bado unasisimua. Sasa iweke kando ya Toyota Camry ya 2018, gari la kupeleka watoto shule. Datsun ilikuwa na injini ya lita 2.4 yenye nguvu farasi 151. Camry ya lita 2.5, kwa silinda nne tu, inatoa 203, na ingawa ina uzito wa karibu nusu tani zaidi, haiachwi nyuma. Breki je? Datsun ina diski mbele na dramu nyuma. Mfumo wa ABS, wa kuzuia magurudumu yasijifunge, haina, wala mfuko wa hewa hata mmoja.

Mtaniambia ilishinda Safari. Ndiyo, ilishinda, ikiwa imeimarishwa na kiwanda, na mafundi wakiisubiri njiani na vipuri. Zile zilizouzwa kwa watu wa kawaida ziliota kutu mpaka sakafuni. Tunasifu chache zilizosalia, na zilizooza hatuzihesabu.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba bati kubonyea ni udhaifu. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alilitaka hivyo makusudi: mbele na nyuma pakunjike na kumeza kishindo, chumba cha abiria kibaki imara. Mercedes zilianza kuuzwa zikiwa na muundo huo mwaka 1959. Gari lisilokunjika mahali panapotakiwa hukipeleka kishindo kile kile kifuani kwa dereva.

Ushahidi upo. Mwaka 2009 IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959, dude la chuma hasa, na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso, kila moja ikienda kilomita 64 kwa saa. Chumba cha Bel Air kiliporomoka juu ya sanamu la dereva. Angekuwa mtu, asingepona. Wa Malibu angeumia mguu kidogo tu.

Anayeipenda 240Z na aitunze, aitoe Jumapili, aendeshe taratibu. Lakini anayemshauri jirani auze gari lenye mifuko ya hewa, anunue la miaka ya sabini kwa kuwa eti ni chuma, kisha awapakie wanawe kiti cha nyuma kisicho na mikanda, anahatarisha roho za watoto wasio wake.