Mji wa Jua na Hikima ya Kivuli

Hakuna karatasi ya kuisifu Mombasa iliyopata kutungwa kwa ajili ya wageni ila huanza kwa kulitaja jua, kana kwamba jua ni bidhaa ipakuliwayo Kilindini peke yake. Na mgeni, akiisha kuisoma karatasi hiyo huko kwao kwenye baridi, huja mbio, akavua shati siku ya kwanza, akaungua, na siku zilizobakia akazimaliza chumbani akijipaka mafuta mgongoni. Mimi niliyezaliwa katika kisiwa hiki sina ugomvi na jua. Walakini nasema wazi kwamba mtu aijiaye Mombasa kwa ajili ya jua ameikosa Mombasa yenyewe, kwa kuwa wazee waliouasisi mji huu walitumia karne nyingi na mali isiyo haba kukitafuta kinyume chake, yaani kivuli; na kila mahali ninapopapenda hapa mjini, nikipachunguza vema, naona kuwa napapenda kwa sababu hiyo.

Mvita, ndiyo Mombasa hii hii, iko yapata digrii 4 kusini mwa Istiwai, na kwa ajili hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na tena katika Machi, jua la adhuhuri husimama sawasawa juu ya utosi, na mtu akisimama uwanjani huwa amekikanyaga kivuli chake mwenyewe. Ilikuwa Machi hiyo, kaskazi imekwisha nguvu na kusi haijaingia, upepo umekufa kabisa, aliponijia mtoto wa ndugu yangu akaaye Nairobi, ana siku tatu za mapumziko na orodha ya mahali pa kutazamwa aliyopewa hotelini. Orodha ile ilikuwa ya gari lenye kiyoyozi: Pembe, kisha Ngome kwa muda wa dakika arobaini, kisha Mji wa Kale kwa kupitia dirishani, kisha kurudi ufukweni kuliwahi jua. Nilimwambia aikunje aitie mfukoni, atakuja kuitumia kwa kujipepea.

Za hizo Pembe nitasema machache, maana hazistahili mengi. Ni pembe za ndovu za kuigiza, zimefanywa kwa bati la alumini, zikasimamishwa katika miaka ya 1950 juu ya njia iliyokuwa ikiitwa Kilindini Road, ambayo leo ni Moi Avenue, kwa heshima ya wageni wa kifalme wa Kiingereza. Watu hupigwa picha chini yake kila siku, nami simlaumu mtu. Ila kitu kikubwa kiasi hicho, katika mji kama huu, kisichoweza kumfunika kwa kivuli hata muuza njugu mmoja, mimi sijui kukisifu.

Ngomeni huendwa asubuhi na mapema, kabla mawe hayajapata moto. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe unaoangalia mlango wa bandari ya kale, na waongozaji wa wageni hupenda kueleza jinsi umbo lake linavyofanana na mtu aliyelala. Husimulia kidogo mno kwamba Wareno hawakudumu humo kama ukubwa wa kuta zake unavyodhaniwa kushuhudia. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, mwana wa hapa hapa, ambaye wao wenyewe walimpeleka Goa wakamlea na kumbatiza, aliingia ngomeni na watu wake akamwua kapiteni kwa mkono wake. Na kuanzia Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira kwa takriban miaka mitatu, maradhi yakila walio ndani kuliko risasi, hata ilipoingiwa Disemba 1698 waliokuwa hai walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Hayo yote yamepita. Leo ni jumba la makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Nilimsimamisha kijana wangu katika ujia wa langoni, pale ambapo unene wa ukuta hufanya ubaridi wa pangoni, nikamwambia atie mkono wake juu ya jiwe. Akauacha hapo kitambo. Kisha, ili asije akadhani kuwa kila kivuli ni neema, nikamkumbusha kwamba kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza walilifanya jengo hili kuwa jela, na kwamba katika wazee wa mji huu wako waliokijua kivuli cha ngomeni kwa miezi na miaka, wasikipende.

Ukitoka hapo, ukashika Ndia Kuu na kujitia vichochoroni, ndipo masomo yanapoanza. Mgeni huona njia nyembamba akasema, watu hawa walikosa ardhi, au walikosa mhandisi. Hawakukosa. Njia imefanywa nyembamba kwa makusudi, ili nyumba ya huku na nyumba ya kule zikingiane jua, na upepo wa baharini ubanwe upate kwenda mbio. Na katika Mji wa Kale ziko njia ambazo jua haliwahi kuugusa udongo wake ila kwa saa moja au mbili tu. Kuta ni za matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa moja au kuzidi, ambazo hulinywa joto la mchana polepole hata usiku ukaingia kabla halijafika ndani. Dari ni za boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake usioweza kuzidishwa, vyumba vikawa vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine, cha mwisho kikiwa na giza na baridi kuliko vyote. Juu zikatoka roshani za mbao zenye nakshi, ambamo zamani bibi wa nyumba aliweza kukaa akaona njia nzima, wala njia isimwone. Na roshani hiyo hiyo, bila kudai ujira, humkinga jua mpita njia asiyemjua.

Lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumwonyesha mgeni katika mji huu, nikaacha ngome na bandari na mengineyo, ningechagua baraza. Tazama vizuri mlango wowote wa kale, utaona kiti cha mawe kimejengewa ukutani, na mara nyingi nyumba ya mkabala ina chake vile vile. Asubuhi wazee hukaa upande wa mashariki wa njia, kwa kuwa nyumba iliyo nyuma yao imelizuia jua; hata alasiri ikifika, kivuli kikavuka njia, nao huvuka nyuma yake, pamoja na vikombe vyao na bao lao na maneno yao yaliyokatikia katikati, wakakaa ng'ambo ya pili na kuendelea palepale walipoachia. Mtoto wa ndugu yangu alipoyaona haya mara ya kwanza alicheka. “Ami,” akaniuliza, “wazee hawa ni saa?” Nikamjibu kwamba muuza kahawa hana saa nyingine. Naye, kama kwamba alikuwa akingoja kutajwa, akatokea pembeni na dele lake la shaba, akivigonganisha vikombe viganjani, tukanywa kahawa tungu kwa kashata, tena ikiwa ya moto hasa, jambo ambalo mtu wa bara hulistaajabia mchana wa Machi mpaka jasho limtoke mara moja na kumpoza.

Tukateremka hadi Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa yapata 1570, wenye mnara mweupe mnene chini na mwembamba juu. Hapo nilimhadithia habari za Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, akalala usiku mmoja tu. Katika usiku huo mmoja msafiri yule aliyekwisha kuona majumba ya wafalme aliona ya kuandika: kwamba misikiti ilikuwa ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, kwamba penye kila mlango wake palikuwa na kisima kifupi na chombo cha kutekea, na kwamba watu, kwa kuwa walikwenda miguu mitupu, waliiosha miguu na kuifuta juu ya jamvi kabla ya kuingia. Nampenda Ibn Battuta kwa neno hili. Mwenye dakika arobaini za hotelini asingeliona jamvi.

Siku ya pili tulivuka daraja la Nyali tukaenda Bamburi, na hapa nina sababu yangu ambayo si ya viboko wala twiga wafuatwao na wageni. Mwamba wa Bamburi ni matumbawe ya kale, ndugu wa mawe yale yale yaliyojenga Mji wa Kale. Na tangu 1954 kiwanda cha saruji kimekuwa kikiuchimba na kuuchoma na kuusaga. Yaani jiwe lililowapa babu zetu kuta za baridi ndilo litupalo sisi saruji ya kuta nyembamba tunazowambia mabati juu, kisha tukanunua mashine ya upepo. Palipochimbwa paliachwa jangwa jeupe, maji yake ya chumvichumvi, mahali pa kuumiza macho. Mwaka 1971 bwana shamba wa kiwanda, Mswisi René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikaishi 3, na iliyoshinda zote ni mvinje. Shida ikawa majani ya mvinje, ambayo hukauka chini bila kuoza. Dawa yake ikapatikana kwa majongoo, walioletwa wakayala na kuyageuza udongo. Hivi sasa ni msitu. Watoto huja kuuliza habari za Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini baada ya mawimbi makuu ya Disemba 2004 akamfanya kobe mzee aitwaye Mzee kuwa mama yake, na ni hadithi nzuri kwa kweli. Lakini mimi huenda kuwaamkia majongoo.

Nikiwa chini ya mivinje hiyo ndipo hasira yangu hunipanda. Ikiwa shimo la mawe limeweza kufanywa msitu ndani ya umri wa mtu mmoja, vipi sisi wa kisiwani twaikata mikungu yetu ili magari yapate pa kusimama? Sheria ya kuuhifadhi Mji wa Kale ipo, na ofisi yake ipo, na wamo humo watu wenye mapenzi; hata hivyo kila mwaka roshani moja hung'olewa hapa na baraza moja huvunjwa pale, mahali pake pakajengwa duka lenye mlango wa chuma ambao adhuhuri haushikiki kwa moto. Hufanya hivyo si wageni, ni sisi wenyewe, kisha twalalama kuwa mji umekuwa na joto kuliko zamani. Ombi langu kwa wakuu wa kaunti, nao wamezoea kuombwa makubwa, ni dogo: asipewe mtu idhini ya kuvunja baraza pasipo kujenga nyingine, na kila njia itakayotiwa lami mpya ipandwe miti kabla ya kutiwa taa. Na kwa wenye mahoteli, nawasihi waandike katika karatasi zao saa za kwenda mahali, wala wasiandike majina ya mahali peke yake.

Jioni ya siku ile tulikwenda Mama Ngina, ambako pwani yote ya kusini ya kisiwa ni mibuyu, mingine minene kuliko nyumba, nayo ilikuwapo kabla ya njia, kabla ya viti vya saruji vya mwaka 2019, na pengine kabla ya wengi wa wale waliouteka mji huu. Chini yake huuzwa mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, na madafu, na kachiri, na mabuyu mekundu yaachayo rangi ulimini kwa siku nzima. Familia huja kutoka kila mtaa, Waswahili na Wahindi na watu wa bara, wakakaa kutazama meli zikiingia Kilindini kwa ukaribu ambao waweza kumwona baharia akianua nguo zake. Kisha tukaenda Likoni, tukavuka kwa feri na kurudi, maana mwenda kwa miguu halipi kitu, na upepo wa katikati ya mlango wa bahari, jua likizama nyuma ya Mtongwe, haupatikani kwa fedha mahali pengine.

Siku ya tatu alikuwa aondoke kwa gari la moshi. Nilipitia mtaa wa Kibokoni, katika Mji wa Kale, baada ya sala ya alasiri kumchukua, mahali nilipomwachia asubuhi na wazee, nikalikuta baraza tupu, linawaka jua. Ng'ambo ya njia, mkoba wake ukiwa chini ya miguu yake, alikuwa amebanwa katikati ya wazee wawili, kikombe mkononi, akibishana juu ya kete.