Acheni Kuitisha Kapaka Keupe

Kila wiki meseji ni ileile: "Niaje, unajua mahali naeza pata kapaka kadogo, keupe, ka macho ya bluu?" Sijui. Na nikijua sikuambii.

Hiyo tamaa ya vitoto ndiyo inajaza paka wa kutupwa soko letu la Kimana. Unakachukua, unakapiga picha mia, kisha kanafika miezi sita, kanaingia joto, kanalia usiku kucha na landilodi anagonga mlango. Jumanne ya soko kanaachwa kwa gunia kando ya vibanda vya nyanya. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, na anaibeba siku kama 65. Piga hesabu mwenyewe.

Na sisi tuko mlangoni mwa Amboseli. Huko nje kuna paka-pori, ndugu wa damu wa huyu wa nyumbani, na wakikutana wanazaana. Kila paka asiyehasiwa mnayemtupa anachafua ukoo huo.

Wakati huohuo KSPCA pale Karen, watu wako kazini tangu 1910, wana paka wakubwa ambao hakuna anayewaangalia mara mbili. Paka mkubwa tabia yake inajulikana kabla hujambeba. Mpole ni mpole, mkorofi ni mkorofi. Anatoka pale ameshahasiwa na kuchanjwa. Kapaka ni bahati nasibu, bana.

Ati mkubwa hazoei, atarudi alikotoka. Karen ni kilomita 200 na zaidi. Atapanda matatu gani? Mfungie ndani wiki kadhaa, mwache ajifiche. Wangu alikuja na miaka mitano, akakaa chini ya kitanda siku tisa, hata maziwa hakuangalia (na maziwa yenyewe huwaharisha wengi, mpe maji). Ya kumi aliua panya wawili kwa gunia la mahindi.

Kinachoniudhi zaidi: Januari 2025, kaunti ya Nairobi ilipotaka leseni ya paka ya shilingi 200 kwa mwaka, mliandika kurasa nzima mkitetea paka. Hata hamkai Nairobi!

Ijumaa naenda Karen. Niko na vikapu viwili vyenye mfuniko, na nauli ya kurudi tutagawana. Atakayeniuliza rangi, namfungia.