Kadi mkate wenyewe, ila wembe uacheni

Msomaji wangu, siku hizi wachumba wengi mnaamua kutengeneza kadi za harusi wenyewe nyumbani. Safi sana! Kadi mliyoikata kwa mikono yenu ina utamu wake, na bajeti nayo inapata ahueni.

Kinachoniudhi ni wembe. Majuzi nimemkuta bibi harusi mtarajiwa kaushika kwa vidole viwili anakatia manila, mwenzi wake kamshikia rula ya plastiki. Yaani hata soda niliyokaribishwa ilinishinda! Wembe una makali pande zote mbili na hauna mpini. Ukiukaza kwenye karatasi nzito, unapinda au unavunjika. Tena fikiria: anayekata kwa mkono wa kulia, rula anaishika kwa mkono wa kushoto, na huo ndio unaokaa njiani. Kidole cha pete kiko wapi? Hapo hapo.

Nunua kisu cha karatasi, kile ambacho makali yake unayasukuma kwa dole gumba. Kilibuniwa Japani mwaka 1956 na Yoshio Okada, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya uchapishaji mjini Osaka. Alichoshwa na makali yanayoisha haraka. Akawakumbuka mafundi viatu waliokuwa wakivunja vioo ili wapate ncha mpya, na chokoleti inavyokatika kwa kufuata mistari yake. Ndiyo maana makali ya kisu hiki yana mistari: ncha ikichoka unaivunja kwa koleo, mpya inachukua nafasi. Na hapo ndipo wengi mnapobania! Ncha butu ina hatari zaidi, maana inakulazimisha ukandamize, na ikiteleza inaondoka na nguvu zako zote. Kwa kadi chukua chenye makali ya upana wa milimita 9. Kile cha milimita 18 kinafaa maboksi.

Rula iwe ya chuma, kwa sababu ya plastiki inachongwa na kisu, na kisu kinaweza kuipanda hadi kwenye vidole. Chini weka ubao wa kukatia au kadibodi nene. Kioo cha meza kinaua makali. Kata ukiwa umesimama, pitisha kisu taratibu mara mbili tatu kwenye mstari uleule. Maua na kona za mviringo ni kazi ya mkasi mdogo, na hapo unazungusha karatasi, siyo mkasi.

Mikato mirefu iliyonyooka mimi ningeipeleka steshenari yenye mashine ya kukatia. A4 moja ikikatwa katikati inatoa kadi mbili za kukunja, kwa hiyo kadi 200 ni karatasi 100 tu.

Vipande vya makali vilivyochakaa viwekeni kwenye kopo lenye kifuniko. Anayemwaga taka hapo nyumbani naye ana vidole, jamani. Ukijikata, bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Damu ikigoma kukata, kidonda kikiwa kirefu kwenda ndani au kidole kikifa ganzi, nenda hospitali, na uulizie sindano ya pepopunda.

Halafu tafadhali, msikate kadi saa saba za usiku huku mnabishana nani aondolewe kwenye orodha ya wageni. Rudisheni kwanza makali ndani ya mpini, ndipo mgombane.