Koplo José na Sauti ya Buruji

Wako askari wenzetu wanaodhani kwamba opera, yaani ule mchezo wa jukwaani ambao wahusika wake huimba zaidi ya kusema, ni starehe ya matajiri wa Ulaya, na kwamba haituhusu sisi tuvaao sare. Sisi twasema yatuhusu, na ushahidi wetu ni Carmen, opera ya Mfaransa Georges Bizet, iliyochezwa mara ya kwanza mjini Paris tarehe 3 Machi, 1875.

Shujaa wake, kama yafaa kumwita hivyo, ni koplo. Don José apewa amri ya kumpeleka gerezani Carmen, mfanyakazi wa kiwanda cha sigara mjini Seville aliyemjeruhi mwenzake kwa kisu. Koplo amlegezea kamba, na njiani mfungwa atoroka. Afungwa yeye. Atokapo kifungoni amwendea Carmen kilabuni, na hapo ndipo Bizet alipotenda jambo kubwa: Carmen anacheza na kuimba, mara buruji yalia ikiwaita askari kambini, na sauti hizo mbili zasikika pamoja. Ni askari gani asiyeujua mvutano huo? José ataka kurudi. Lakini luteni wake aingia na kumwamuru aondoke. Wivu wampanda, achomoa upanga mbele ya mkubwa wake. Tangu usiku huo ni mtoro, mwenzi wa wafanya magendo.

Vijana wetu wapenda michezo ya video, nasi twaona ingefaa mafundi wa michezo hiyo waigeuze Carmen kuwa mmojawapo. Mtazamaji wa opera hukaa kitini, hawezi kumshika José mkono. Mchezaji angeamua mwenyewe: aikaze kamba au ailegeze, aiitike buruji au abaki. Ila katika michezo mingi ukifa wafufuka, na ukikosea waanza upya. Huu usiwe hivyo. Kamba ikilegezwa, imelegezwa.

Tena wako wasemao kuwa Carmen ndiye aliyemponza koplo. Hatukubaliani nao hata kidogo. Nje ya uwanja wa kupigania fahali alimwambia José waziwazi kwamba mapenzi yamekwisha, akaitupa pete aliyopewa. José akamwua kwa kisu, kisha akajitoa akamatwe. Hapakuwa na amri, wala adui, wala vita. Palikuwa na mwanamume aliyefunzwa silaha na asiyefunzwa kukataliwa.

Kwa hiyo katika sehemu hiyo ya mwisho mchezaji avuliwe sare ya José, awekwe mahali pa Carmen. Hana silaha. Rafiki zake wamekwisha mwonya. Ndani ya uwanja umati washangilia, naye ataka kuingia. Lakini njia imezibwa na koplo yule yule ambaye, muda mfupi tu uliopita, mchezaji alikuwa akimwongoza kwa vidole vyake mwenyewe.