Nguo za baridi nazo ni msaada wa kwanza

Sisi wakaaji wa Lubero tumezoea baridi yetu hata hatuioni tena. Asubuhi ukungu umefunika mabonde, mtu anavaa triko, juu yake koti, kofia ya sufu kichwani, anakwenda kwenye shamba lake la viazi kama kawaida. Aliyetoka Vitshumbi hana koti hilo. Kule chini, kando ya ziwa Edward, ni mita 900 na kidogo juu ya bahari, na nguo nzito ingemtesa bure. Hapa tuko karibu mita 1,900. Ukipanda mita 1,000, joto linapungua kama digrii 6. Ndiyo sababu ikweta inapita hapa jirani, kati yetu na Butembo, na bado watoto wanatetemeka usiku.

Vita vilipofika Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, familia nyingi zilishika barabara ya kuja huku. Wengine ilikuwa mara yao ya pili au ya tatu kukimbia: walikuwa wametoka Rutshuru, wakapanda Kabasha, wakadhani wamefika. Mtu wa namna hiyo hakupata nafasi ya kufungua sanduku na kuchagua. Alibeba mtoto, sufuria, labda kikwembe kimoja. Mchana kikwembe ni nguo, jioni ni mbeleko, usiku ni blanketi. Mvua ikikilowesha, kazi zote tatu zimekwisha.

Maoni yangu ni kwamba nguo za baridi zihesabiwe siku moja na unga, maharage na mafuta, zisingoje mambo mengine yaishe. Mwili unaotetemeka usiku kucha unakula chakula kile kile ulichopewa mchana. Halafu kuna mbabula. Familia isiyo na kitu cha kujifunika inaingiza mbabula ya makala ndani ya chumba, inafunga mlango, inalala. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makala haina harufu, haionekani, inaua watu wakiwa usingizini. Tunawakataza wazazi kila siku, na ni vizuri kuwakataza, lakini mtoto avae nini?

Namna ya kugawa pia ina shida. Mara nyingi mama anapewa kifurushi kilichofungwa. Akifika nyumbani anakuta suruali ya mwanaume mnene na viatu vya kisigino kirefu. Kesho yake viko sokoni, na mitaani watu wanasema wakimbizi wa vita wanauza misaada. Kwani angevifanyia nini? Huko Goma mitumba inaitwa chaguwa, na jina lenyewe linasema yote: unainama kwenye lundo, unachagua. Mashirika ya kiutu yafungue balo mbele ya watu, kila mmoja achukue kinachomfaa kwa zamu. Ama yawape pesa kidogo waende sokoni wenyewe. Mama anajua miguu ya watoto wake kuliko orodha yoyote.

Kwa aliye na pesa kidogo mkononi leo, ningesema aanze na nguo ya usiku. Triko moja kavu ambalo halitoki nje, linalovaliwa wakati wa kulala tu, lina faida kuliko koti zuri lililolowa. Usitafute nguo moja nene sana. Nguo tatu nyepesi zinashinda, kwa sababu hewa iliyo katikati ndiyo inayotunza joto. Ndani ile inayoshika mwili, katikati ya kufumwa, nje kitu chochote kinachozuia upepo na mvua, hata kama kimechakaa. Pamba ikilowa inavuta joto la mwili. Sufu inasaidia hata ikiwa na unyevu. Kofia na soksi za watoto wadogo zitangulie koti la baba (wababa mnisamehe). Na mtoto mchanga, kifua cha mama kinampa joto, ngozi kwa ngozi, kikwembe kikiwafunika wote wawili.

Neno moja juu ya usafi. Nguo ya mitumba ifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kabla ya kuvaliwa, upele usiingie nyumbani. Jua likikosekana, na hapa linakosekana sana, ifunge ndani ya mfuko siku tatu au zaidi. Nguo za mgonjwa wa mpox zisivaliwe na mwingine kabla hazijafuliwa vizuri.

Tusiwaachie mashirika peke yao. Wakimbizi wengi wanalala katika nyumba zetu, siyo kambini, na nyuma ya milango yetu kuna makoti yasiyovaliwa tangu mwaka juzi. Parokia na makanisa yanaweza kuchagua Jumapili moja ya kukusanya triko, soksi na kofia, zikiwa safi na vifungo vyake. Nguo ambayo wewe ungeona haya kuivaa, geuza kitambaa cha kupangusia. Tena tuna wamama wanaojua kufuma. Mwenye fedha za msaada anunue sufu, awalipe, nguo zifumwe hapa hapa kwa vipimo vya watoto wanaoonekana. Hata mama mkimbizi anayejua sindano apate kazi.

Septemba mvua zinarudi na shule zinafunguliwa. Wadirektere na maprefe, ninyi nawaomba jambo lisilo na gharama. Sheria ni shati jeupe na suruali au sketi ya bluu, tunaielewa. Mtoto wa mkimbizi akija na triko jekundu au la kijani juu ya shati hilo jeupe, mwacheni aingie darasani nalo.