Mabango ya elektroniki mijini: nani analipa, na mpakani yatamfaa nani?

Miji mikubwa duniani imekuwa ikisimamisha barabarani nguzo zenye vioo vikubwa vya elektroniki. Vioo hivyo hutoa matangazo, taarifa za serikali, saa za mabasi na, mahali pengine, intaneti ya bure. Wataalamu huita mpango huo "mji janja", yaani mji ambao taa, kamera, mabasi na ofisi zake zimeunganishwa kwa mtandao ili mkazi apate taarifa papo hapo na aweze naye kuuliza na kujibu. Maneno hayo yamekwisha kuingia katika mipango ya miji ya Afrika Mashariki, na haitakuwa ajabu yakifika Namanga, Busia, Malaba, Rusumo au Tunduma.

Kwa mfanyabiashara na msafirishaji, uzuri wa vioo hivyo si hoja. Hoja ni maswali matatu: vitamwambia nini, vitamwambia mapema kiasi gani, na nani atavilipia. Uzoefu wa waliotangulia unaonyesha kwamba swali hilo la tatu ndilo linaloamua majibu ya yale mawili ya kwanza.

Ahadi ya New York

Mfano unaojulikana zaidi ni wa New York, Marekani. Mwaka 2014 utawala wa Meya Bill de Blasio ulitangaza kwamba vibanda vya simu za kulipia, ambavyo simu za mkononi zilikuwa zimevikosesha wateja, vitang'olewa na mahali pake kuwekwa nguzo zinazoitwa LinkNYC. Nguzo za kwanza zilianza kazi Januari 2016. Kila moja ilikuwa na vioo viwili vya inchi 55, intaneti ya bure yenye kasi, simu za bure ndani ya Marekani, sehemu ya kuchaji simu, kitufe cha kuita msaada wa dharura, na kompyuta ndogo ya kugusa ya kutafutia ramani na huduma za jiji.

Mwananchi hakutozwa hata senti. Tena jiji lenyewe liliahidiwa zaidi ya dola milioni 500 katika miaka 12. Fedha hizo zote zingetoka kwa makampuni yanayotangaza bidhaa zao kwenye vioo.

Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa, lakini barabarani mambo yalikwenda vingine. Mpango wa awali ulitaja hadi nguzo 7,500. Kufikia mwaka 2020 zilikuwa zimesimamishwa takriban 1,800 tu, na sehemu kubwa ilikuwa Manhattan, eneo la watalii na wenye fedha. Sababu yake kila mfanyabiashara anaijua: anayelipia tangazo anataka lionwe na mtu mwenye uwezo wa kununua. Mitaa ya watu wa kipato cha chini, ambako intaneti ya bure ilihitajika zaidi, ndiyo iliyoachwa ikisubiri.

Matangazo nayo hayakuleta fedha zilizotarajiwa. Muungano wa makampuni ulioshika mkataba, CityBridge, ulishindwa kulipa jiji kama ulivyoahidi, na deni likafikia makumi ya mamilioni ya dola. Mwaka 2021 mkataba ulirekebishwa. Moja ya masharti mapya lilikuwa kwamba asilimia 90 ya nguzo mpya za 5G zijengwe nje ya Manhattan au upande wa kaskazini wa mtaa wa 96. Kwa maneno mengine, jiji lililazimika kuandika kwenye mkataba kile ambacho soko la matangazo halikufanya lenyewe.

Kulikuwa na matatizo mengine pia. Septemba 2016 jiji lilikubali kuzima huduma ya kutembelea tovuti kwenye kompyuta za nguzo hizo, baada ya malalamiko kwamba baadhi ya watu walikuwa wakizikalia kwa saa nyingi, na wengine wakitazama picha za ngono hadharani. Watetezi wa haki za raia walihoji pia ni taarifa gani za simu za watu zinazokusanywa na zinahifadhiwa kwa muda gani, na mwaka 2017 sera ya faragha ikabadilishwa.

London nayo ilionja. Nguzo za aina hiyo zilianza huko mwaka 2017 chini ya jina InLink. Baada ya muda polisi waligundua kwamba katika eneo la Tower Hamlets wauza dawa za kulevya walikuwa wakitumia simu hizo za bure kwa biashara yao. Mwishoni mwa mwaka 2019 kampuni iliyoziendesha ilishindwa kujimudu kifedha.

Pamoja na hayo, si haki kusema mpango mzima ulikuwa hasara. Vioo vya New York vilionyesha saa halisi za mabasi kufika kituoni. Mwaka 2020 vilitumika kueneza taarifa za ugonjwa wa Covid-19. Wenye maduka madogo ya mtaani walipewa nafasi ya kutangaza bila malipo. Huduma zilizodumu ni zile zilizomjibu mtu jambo analolihitaji saa ile ile akiwa amesimama pale.

Kilio cha mahindi Namanga

Sasa tuje kwetu. Machi 5, 2021 mamlaka ya Kenya inayosimamia kilimo na chakula iliwaandikia watu wa forodha barua ikisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa sababu ya sumukuvu. Malori yaliyokuwa tayari njiani yalikuta lango limefungwa. Siku chache baadaye zuio hilo liliondolewa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na kiwepo cheti cha mahali mahindi yalikotoka.

Kwa afisa aliye ofisini, hizo ni barua mbili. Kwa mwenye lori ni tani kadhaa za mahindi chini ya turubai, dereva na utingo wanaohitaji posho, mnunuzi anayepiga simu kila saa, na mkopo wa benki ambao hausubiri.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Malaba. Januari 2022 madereva waligoma kupinga kipimo cha lazima cha Covid-19 upande wa Uganda, ambacho walitakiwa kukilipia dola 30. Foleni ilirefuka kwa kilomita nyingi ndani ya Kenya, mafuta yakaadimika Uganda na bei ya petroli ikaruka. Waliokuwa mbele kwenye foleni walijua kinachoendelea. Waliokuwa wakiondoka Mombasa siku hiyo walitegemea uvumi na simu za wenzao.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wauzaji wa vifaa hivi hawalisemi. Kioo kilichofungwa kwenye lango la mpaka kimechelewa. Dereva akifika pale, mzigo umeshapakiwa, mafuta yameshateketea na nyuma yake kuna malori mengine. Taarifa ya mahindi ilihitajika Arusha, kwenye maghala na kwenye mizani, kabla lori halijashika njia. Taarifa ya Malaba ilihitajika Mau Summit, pale barabara inapogawanyika, moja ikielekea Eldoret na Malaba, nyingine Kisumu na Busia. Ni kweli kwamba hati za mzigo wa kupita hutaja mpaka wa kutokea, hivyo dereva hawezi kukata kona kwa hiari yake. Lakini mmiliki na wakala wa forodha wakijua mapema, wanapata muda wa kuomba mabadiliko au kulipumzisha lori mahali salama.

Taarifa zipo, zinaishia wapi?

Tusidanganyane kwamba kinachokosekana ni takwimu. Ushoroba wa Kaskazini una kitengo chake cha kufuatilia muda na gharama za usafirishaji tangu mwaka 2012. Mfumo wa kufuatilia mizigo kwa elektroniki wa Kenya, Uganda na Rwanda ulizinduliwa mwaka 2017, na lori lenye kifaa chake huonekana kwenye kompyuta za forodha kila linapokwenda. Vituo vya pamoja vya mpakani navyo vimejengwa: Rusumo ilifunguliwa rasmi mwaka 2016, Busia na Namanga mwaka 2018, Tunduma na Nakonde mwaka 2019.

Maana yake ni kwamba ofisi inayoliona lori lako likitembea inaweza pia kuhesabu malori mangapi yako mbele yako. Taarifa hizo zilijengwa ili serikali imchunge msafirishaji. Kumrudishia yeye sehemu ya taarifa hizo hakuhitaji mtambo mpya. Kunahitaji uamuzi.

Mfanyabiashara mdogo naye ana lake. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, anaweza kupata cheti chepesi cha uasili pale pale mpakani na asitozwe ushuru wa forodha. Kodi nyingine na masharti ya afya bado vinaweza kumhusu. Asiyejua haya ndiye anayeangukia mikononi mwa vishoka, au anayebeba kikapu chake kupitia njia za panya na kuhatarisha mtaji wote. Orodha hiyo, ada halali na ofisi ya kwenda vikiandikwa kwa maandishi makubwa hadharani, kishoka anakosa la kuuza na afisa mkorofi anakosa pa kujificha.

Kazi hiyo kioo kinaiweza kuliko simu. Ujumbe wa simu unamfikia mtu mmoja, na huduma za aina hiyo zimekuwepo, kama Sauti, inayowapa wafanyabiashara wa mpakani bei za masoko, viwango vya kubadilisha fedha na taratibu kwa simu ya kawaida. Maandishi ya hadharani yanasomwa na wote kwa pamoja, afisa na mchuuzi, na hakuna anayeweza kusema hakuyaona.

Mambo ya kudai kabla ya nguzo ya kwanza

Vyama vya wasafirishaji, mawakala na wafanyabiashara vikiitwa kwenye kikao cha mradi wa namna hii, vina haki ya kuuliza mambo yafuatayo.

Kwanza, fedha. Kama kioo kitalipiwa na matangazo, mkataba useme wazi ni dakika ngapi katika kila saa ni za taarifa za mpaka, na kwamba dharura inafuta tangazo lolote. Useme pia nguzo zitasimama wapi. Bila hivyo zitajazana mbele ya hoteli na benki, na maegesho ya malori yatabaki gizani.

Pili, mwenye dhamana. Kila taarifa ionyeshe ofisi iliyoitoa na saa iliyotolewa. Taarifa ya jana inayoonekana kama ya leo ni mbaya kuliko kioo kilichozimwa, kwa sababu mtu ataifuata na kupata hasara.

Tatu, lugha. Kiswahili kiwe cha kwanza, tena Kiswahili cha dereva. "Lango la Uganda limefungwa hadi saa 12 jioni" inatosha. Nukuu ya kifungu cha sheria iachwe kwenye gazeti la serikali.

Nne, kujibu. Kioo kinachosema tu bila kusikia ni bango kama mabango mengine. Kiwe na namba ya kutuma ujumbe bila malipo, na malalamiko yaliyopokelewa na yaliyotatuliwa yahesabiwe hapo hapo watu wote wakiona. Hapo ndipo mkazi wa mji wa mpakani anapoanza kuamini kwamba na yeye anahesabika.

Tano, siri. Nguzo zenye kamera na intaneti hukusanya habari za watu. Mama anayevuka na nyanya mara tatu kwa wiki ana haki ya kujua nani anaona namba yake ya simu, na kama itamfikia mtoza kodi.

New York ina fedha, wanasheria na wahandisi kuliko mji wowote wa mpakani kwetu, na bado iligundua makosa ya mkataba baada ya nguzo kusimama. Sisi nguzo zetu hazijasimama. Huo ni wakati mzuri wa kuuliza, maana mkataba ukishatiwa saini, atakayelipa ni yule yule aliyezoea kulipa: mwenye mzigo.