Darasa la Kuchora Watu, na Binti Aliyealikwa Kwenye Kamati

Wiki hii tunalijibu swali la mama mmoja ambaye binti yake anasomea ubunifu wa mavazi chuoni. Wanafunzi wenzake wanaanzisha darasa la jioni la kumchora mtu kwa kumtazama, na wamemwomba awe mmoja wa kamati. Mama anauliza: amwachie au amkataze?

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Katika darasa la namna hii mtu mmoja hukaa katikati, wachoraji wakamzunguka. Huanzwa kwa mikao ya dakika moja au mbili ili mkono upate wepesi, kisha ukafuata mkao mrefu. Kwa desturi iliyotoka vyuo vya Ulaya, mtu huyo aghalabu huwa uchi. Hapo ndipo penye taabu, na hatuna haja ya kupazungukazunguka: uchi wa mtu haufunuliwi kwa ajili ya somo la jioni, na Suratun-Nur, aya ya 30 na ya 31, imewaamrisha waumini wa kiume na wa kike kuinamisha macho. Ama kuhusu kuchora viumbe wenye roho, wanavyuoni wamekhitilafiana. Hilo mama amwendee shekhe wake.

Wala wasiwasi huu si wetu peke yetu. Royal Academy ya London ilipoasisiwa mwaka 1768, wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser, walikuwa miongoni mwa waasisi. Hata hivyo, Johan Zoffany alipowachora wanachama wakiwa katika chumba cha darasa hilo, wawili hao aliwaweka kama picha zilizotundikwa ukutani, kwa kuwa hawakuruhusiwa kuingia humo. Huko Philadelphia nako, mwaka 1886, mwalimu Thomas Eakins alilazimika kujiuzulu baada ya kumwondolea mwanamume kitambaa cha kiunoni mbele ya wanafunzi wa kike.

Kisa kinachotufaa zaidi ni cha New York mwaka 1875. National Academy of Design ilipoelekea kulisimamisha darasa lake la kuchora watu, wanafunzi, wakiwamo wanawake wengi, walijitafutia chumba wakaunda Art Students League, ambayo ipo mpaka leo. Anayeanzisha darasa ndiye anayeandika masharti yake. Binti aliyemo ndani ya kamati ana sauti. Aliyebaki nje atasikia tu yaliyoamuliwa.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba aingie, na masharti yake ayapeleke kwa maandishi kabla ya kikao cha kwanza. Anayechorwa awe amevaa. Hilo halilipunguzi somo, na kwa msomi wa mavazi ndilo somo lenyewe: namna kanzu inavyojikunja penye kiwiko, namna khanga inavyovutika begani mtu anapoinua mkono. Viganja na nyayo peke yake vinatosha kumtoa mchoraji jasho muhula mzima. Wasichana wawe na siku yao. Simu zibaki mlangoni, kwani mchoro wa mkaa hukaa daftarini, ilhali picha ya simu haijulikani itaishia wapi. Anayechorwa alipwe, apewe mapumziko, na asiwe mwanafunzi aliyebanwa na ada hata akashindwa kusema hapana. La mwisho hili husahauliwa sana. Saa nayo ipangwe isigongane na Magharibi.

Je, kamati ikiyakataa? Darasa ni la hiari, hakuna alama zitakazopotea. Ajitoe mapema, aseme sababu waziwazi, asisingizie ugonjwa. Nawe mama, usimwandikie barua hiyo. Mwache aiandike mwenyewe.